Kijito Kilichofagiliwa

Jiwe la kijitoni halichaguliwi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na Bi Futi. Unapiga hatua majini huku unatazama juu kwenye miti, unashusha mkono, na jiwe la kwanza kugusa ncha ya kidole chako ndilo hilohilo. Likiwa dogo kama punje ya mahindi, sawa. Likiwa kubwa hata haliinuki, unalipima palepale lilipo. Ukianza kuchagua utaokota mazuri tu, ya mviringo, yanayojaa kiganjani, na karatasi itasema kijito kina mawe mazuri matupu, kumbe uzuri ulikuwa wa macho yako.

"Acha jiwe likuchague wewe," Bi Futi alikuwa akisema. "Wewe kazi yako ni kuinama."

Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya tepu ya kupimia aliyoivaa kiunoni hata wakati wa kula. Mwenyewe alilijua na hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye vijito vya misituni na kueleza kila kimoja kinaweza kulea nini: samaki wadogo, kaa, vyura, wadudu wa majini. Hakuwa akihesabu samaki. Alikuwa akipima nyumba yao: upana, kina, mwendo wa maji, aina ya mawe, kivuli, magogo yaliyoangukia ndani na majani yaliyokwama nyuma yake.

"Samaki leo yupo, kesho amesafiri," alisema. "Mimi naangalia nyumba. Nyumba ikiwa nzuri, mwenyewe atarudi."

Chini yake kulikuwa na karani, mwanamume mrefu mwenye miwani, aliyeandika vipimo na kutania kila kitu kinachopumua. Halafu kulikuwa na nafasi ya mshika fimbo, yule anayeingia majini na fimbo yenye alama na kutaja vipimo kwa sauti. Aliyekuwa nayo alihama, na mimi nilikuwa naijaribu. Nimeishia darasa la saba. Wengine walioiomba walikuja na vyeti ndani ya plastiki.

"Cheti sikuulizi," Bi Futi aliniambia siku ya kwanza. "Nataka mtu atakayesema anachokiona, chote, na asichokiona asikiseme. Tutafanya vijito kadhaa pamoja. Cha mwisho kikiisha nitakwambia ndiyo au hapana."

Niliitaka ile ndiyo kama mwenye kiu anavyotaka maji. Nilikuwa nimeshafua nguo za watu, nimeshasimama kwenye duka la mtu, nimeshakatizwa maneno na kila aliyenituma. Nyumbani wakiniona nimetulia naangalia kitu, waliita uvivu. Sasa nilikuwa nimefika mahali ambapo kutulia na kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Nani aondoke hapo kwa hiari yake?

Na kijito cha mwisho kilikuwa cha kwetu.

Nasema cha kwetu kwa sababu kinapita nyuma ya kituo cha misitu ambako mama mkubwa, dada yake mama, ndiye mtunza nyumba. Alinilea yeye, katika chumba kimoja kando ya chumba cha kufulia. Yeye ndiye anayefua mashuka ya wageni, anayepiga deki ofisi ya msimamizi, anayepanga viti mpaka vinatazamana kama askari kwenye gwaride. Mama mkubwa hajawahi kushindwa na uchafu. Walinzi walikuwa wakisema uchafu ukimwona anakuja, unajikusanya wenyewe.

Asubuhi tuliyofika alikuwa mlangoni mwa chumba cha kufulia, aproni kifuani, pasi mkononi. Akanipitishia macho kutoka kichwani mpaka kwenye buti za mpira.

"Umekonda," alisema.

"Nimekomaa, mama mkubwa."

"Kukomaa hakuondoi mashavu." Halafu akamsalimu Bi Futi kwa adabu zake zote, akamkaribisha, akamwambia chai iko tayari muda wowote. Tulipoanza kushuka kwenda kijitoni akaniita, akapunguza sauti. "Leo mtaona wenyewe."

Nilidhani anasema juu ya chai.

Sasa, kijito hicho mimi nakifahamu. Nimecheza humo, nimepoteza ndala humo, nimejificha humo nikikimbia kusugua masufuria. Kilikuwa kichafu kwa uchafu wake mzuri: majani meusi yamelundikana kwenye kona, magogo yamelala kwa kukingama, matawi yameinama mpaka yananyonya maji. Ukiingia ndani unakuwa kama umeingia chumba ambacho mapazia hayajafunguliwa.

Tulipofika ukingoni, mapazia yalikuwa wazi. Jua lilikuwa limekaa katikati ya maji bila hata kuona haya.

Bi Futi alitoa kioo chake kidogo chenye mistari, akakishika kama sahani mbele ya tumbo, akaangalia miti ndani yake. Kazi ya kioo kile ni kuonyesha vyumba vingapi kati ya mistari vina majani na vingapi vina mbingu. Akakigeuza huku, akakigeuza kule.

"Kivuli kidogo," alimwambia karani. "Kwa msitu wa namna hii, kidogo mno."

"Labda miti imeenda saluni," karani akasema, akaandika.

Mimi nilikuwa nimeshaona tawi. Lilikuwa limekatwa karibu na shina, jeraha lake bado jeupe. Panga la mtu wa mkono wa kulia linaacha mlalo wa upande mmoja, na la mtu wa shoto linaacha mlalo wa upande wa pili. Nimekua nikiangalia kuni zilizokatwa kwa shoto. Katika kituo kile kizima, wa shoto ni mmoja, na ndiye aliyekuwa ametuahidi chai.

Nikajiambia tawi moja si ushahidi. Mtu anaweza kukata tawi akaanikia nguo. Nikaingia majini.

Fimbo ikagusa chini. Nikataja kina, nikasogea, nikataja tena. Sehemu ambayo nilikumbuka pana shimo la kujificha, nyuma ya gogo, hapakuwa na shimo wala gogo. Maji yalikuwa yakipita moja kwa moja kama mtu aliyeitwa ofisini. Karani alidondosha kipande cha gome juu ya maji, Bi Futi akaangalia saa yake, na kile kipande kikafika upande wa pili kabla hajakaa vizuri.

"Kina haraka hiki," karani akasema. "Kinawahi wapi?"

"Hakina cha kukichelewesha," Bi Futi akajibu. "Hebu mawe."

Nikaanza kutembea, macho juu, mkono chini. Jiwe la kwanza kunigusa nililiinua, na kidole gumba changu kikashtuka kabla yangu. Jiwe la kijitoni lina utelezi, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Ule utelezi ndio chakula cha wadudu wadogo, na wadudu ndio chakula cha samaki. Jiwe lile lilikuwa halitelezi hata kidogo. Lilikuwa safi. Lilikuwa safi kama kikombe cha mgeni.

Nikalipima, nikataja, nikalirudisha. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na ule ukijani wake, ila upande wa chini. Mtu alikuwa ameligeuza. Na nilipoinua uso kutazama kingo, nikaona mawe makubwa yamepangwa mstari, moja kubwa moja dogo, moja kubwa moja dogo, kulia na kushoto, sawasawa na yale yanayozunguka maua mbele ya ofisi ya msimamizi.

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Watu husema damu ni nzito kuliko maji, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji.

Bi Futi akatuita tutoke. Tukakaa ukingoni, karani akamimina chai kutoka kwenye chupa, na Bi Futi akaishika yake bila kuinywa.

"Magogo hayana miguu," alisema. "Kuna watu wameingia humu. Wameondoa magogo, wamekata matawi, wamevuruga mawe. Hao ni watu wa mbao, walikuwa wanatafuta njia ya kuburuzia. Na kule juu kuna askari wa geti anayelipwa ili asiseme hakuona."

"Labda aliona," karani akasema, "ila kwa lile jicho la usingizi."

"Atajieleza na jicho lake. Namaliza chai naenda kwa msimamizi. Kijito hiki hatuwezi kukiandika hivi, na mimi sitaki kuondoka bila kujua nani wa kuulizwa."

Askari wa geti namjua. Ana watoto wadogo wengi na kikohozi, na tangu nimfahamu hakuna gogo lililotoka pale bila kibali. Nilimwona kichwani amesimama mbele ya meza ya msimamizi, kofia mkononi, anaulizwa habari za magogo asiyoyajua.

"Bosi," nikasema, "askari usimguse. Aliyefanya hivi nitamleta mimi, kabla chai yako haijapoa."

Bi Futi akanigeukia polepole.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani?"

"Mama yangu mkubwa. Yule aliyetukaribisha."

Karani akasahau kumeza.

"Kamlete," Bi Futi akasema. Sura yake haikunipa hata cha kukisia.

Nikapanda. Nilipanda kwa mwendo wa kawaida, sikukimbia, maana mtu akikuona unakimbia anajua umebeba msiba. Mama mkubwa alikuwa ananyoosha shuka, mvuke umemzunguka, kwenye meza ile iliyofunikwa blanketi la zamani.

"Wamesemaje?" aliuliza kabla sijavuka kizingiti. "Wamepata pa kusema?"

"Mama mkubwa, kijito umekifagia wewe?"

"Kwani hapa kuna mwingine?" Aliikunja shuka, akaipiga kofi. "Nimetoa majani. Nimetoa magogo, mengine nimeyavuta kwa kamba. Matawi yanayomwagia watu maji kichwani nimeyapunguza. Mawe nimeyasugua kwa brashi, moja baada ya moja, yale yaliyokubali. Chokaa tu ndiyo iliniishia. Ningekuwa nayo mngekuta kingo zote mbili nyeupe, mngedhani mmefika ikulu."

"Nani alikutuma?"

"Msimamizi alitusimamisha wote hapo uani. Akasema kunakuja ukaguzi wa makazi ya kijito. Ukaguzi, mwanangu. Mimi na ukaguzi tunajuana tangu wewe hujazaliwa. Wakija kukagua makazi ya wafanyakazi wanapitisha kidole juu ya mlango kutafuta vumbi. Nikasema, hawa wa kijito hawatapata vumbi, watapitisha kidole kwenye mawe."

"Kidole wamepitisha kweli," nikasema.

"Umeona. Halafu nikaambiwa na wewe umo kwenye msafara. Mtoto anarudi kwao na wakubwa wake, akute kwao kuchafu? Nilikesha mgongo unalia."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukawa uso kwa uso. Nilimweleza taratibu, nikaanza na askari wa geti na watu wa mbao waliokuwa wakishukiwa. Nilimwambia makazi waliyoyasema si ya wafanyakazi wala ya mtu yeyote. Ni ya wale wa ndani ya maji. Majani yaliyooza ndiyo kitanda chao na ndiyo chakula chao. Magogo ndiyo kuta. Ule utelezi wa mawe ndio shamba lao. Kivuli ndilo paa.

Aliisimamisha pasi wima.

"Basi nimehamisha watu," alisema.

"Umehamisha."

"Na wewe? Nimekuharibia kazi?"

"Bado sijajua."

Akashika kiuno, akatazama dirishani, akatafuta njia. Mama mkubwa hajawahi kukaa ndani ya tatizo bila kulitafutia mlango.

"Mwambie hunijui."

"Mama mkubwa, tuna pua moja."

"Mwambie ni mafuriko."

"Mafuriko hayakati matawi kwa shoto."

Aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtoto aliyemchongea nyumbani. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mimi nikacheka, na nilijua hapo kwamba atakwenda.

"Nivue aproni au niende nayo?"

"Nenda nayo."

"Ndiyo sare," akasema, akatangulia.

Alishuka ule mteremko kama anayekwenda kupokea zawadi. Alipofika mbele ya Bi Futi hakusubiri kuulizwa.

"Mkaguzi, ni mimi. Askari hana kosa, watu wa mbao hawana kosa, na mtoto huyu hakuwepo. Kama kuna la kukatwa nikatwe mimi."

"Mama, mimi si mkaguzi," Bi Futi akasema.

"Mlisema ukaguzi."

"Tulisema ukaguzi wa makazi."

"Na makazi yanakaguliwaje? Mtu anakuja na vumbi lake linamsubiri? Ungekuja kwangu ukakuta majani kitandani, ungeandika nini?"

Karani aligeukia mti, mabega yakimtetemeka. Bi Futi akachora kitu kwenye mchanga kwa ncha ya buti.

"Neno hilo nililipeleka mimi kwa msimamizi," alisema. "Naona lilikuja na fagio lake. Ningesema tunakuja kupima kijito na kisiguswe, tungekuwa tumemaliza, tunavua buti sasa hivi." Halafu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli: "Majani uliyapeleka wapi?"

"Nyuma ya karo. Kwenye shimo la takataka."

"Uliona vitu vinatembea humo?"

Mama mkubwa akafikiri. "Kulikuwa na vidudu. Vingine vimejijengea vijumba vya changarawe, vidogo hivi, kama nyuzi zilizokatwa. Nikajiuliza hivi navyo ni uchafu gani tena." Niliona jambo likimwingia. "Navyo vilikuwa na nyumba ndani ya nyumba."

"Ndiyo."

"Na mimi nikapita na ufagio." Alikunja ncha ya aproni, akaikunjua. "Nisamehe, dada. Sikujua nafagia watoto."

"Watarudi," Bi Futi akasema. "Majani yataanguka tena, kama hutayafukuza."

"Sitayagusa. Yajaze kijito mpaka yaniite kwa jina."

Nilidhani limekwisha. Ndipo Bi Futi akanigeukia mimi, na ule ulaini wote ukabaki upande wa mama mkubwa.

"Ulijua tangu lini?"

Swali hilo nilikuwa nimelisubiri tangu nilipokuwa juu ya ndoo. Ningeweza kusema nimejua pale pale tulipokaa kunywa chai. Hakuna aliyeingia kichwani mwangu kupima.

"Nilianza kwenye tawi la kwanza," nikasema. "Limekatwa kwa shoto."

"Tawi la kwanza tumelikuta kabla hujaingia majini. Umenitajia vipimo, karani ameandika, na wewe unajua kijito kimetengenezwa."

"Nilikuwa najua tawi, bosi. Kijito sikuwa nakijua bado. Mtu simtaji kwa tawi moja. Nilipoona gogo halipo nikajua mbili, nilipoona mawe yamepangwa kama ya maua ya ofisini nikajua yote. Na vipimo nilivyotaja ni vya kweli. Ndivyo kilivyo leo. Ulitaka niseme ninachokiona na nisichokiona nisikiseme. Nilikisema nilipokiona."

"Na kama nisingetaja askari?"

Lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu lake.

"Ningemaliza chai ndiyo ningekwambia. Ningetaka kwanza kumwona yeye, nimwambie mwenyewe, asilisikie kwa msimamizi. Lakini ningekwambia leo. Karatasi isingelala na uongo."

Bi Futi alinitazama kama anavyotazama kile kioo chake cha mistari, anahesabu majani na mbingu. Mama mkubwa alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu kidogo, akaufunga.

"Haya," Bi Futi akasema. "Mama, ulifagia mpaka wapi?"

"Mpaka mwambani kule juu. Chote."

Karani akatoa pumzi kama tairi. Mwamba ndio mwisho wa sehemu tuliyopewa kupima. Juu yake maji yanatoka kwenye mawe matupu na kijito hakipo. Kama alifika mwambani, basi hapakubaki hata hatua moja ya kuandika, na tungerudi kwa msimamizi na karatasi nyeupe, na kijito cha kwetu kingeandikwa kwamba hakijulikani.

"Nenda uniambie panapoishia," Bi Futi akaniambia. "Si pale anaposema. Pale panapoishia."

Nikaingia majini tena, bila fimbo, mkono ukining'inia. Nilikwenda polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Jiwe safi. Jiwe safi. Jiwe lililogeuzwa. Kingo zimepangwa, moja kubwa moja dogo. Nikapita chini ya matawi yaliyokatwa, moja baada ya jingine, yote kwa mlalo uleule. Mama mkubwa alinifuata kwenye ukingo, aproni ameishikilia juu, na nyuma yake Bi Futi, na nyuma yake karani na makaratasi.

Nilipopita kona ya pili, mstari wa mawe ulianza kulegea. Moja kubwa, moja kubwa, halafu matatu madogo yametupwa pamoja. Mtu anayeyapanga vile amechoka. Nikaendelea. Mawe mawili tu mbele, kidole changu kikagusa utelezi.

Sikusimama kwa utelezi mmoja. Niliteremsha mkono mara nyingine, mbele zaidi, kushoto, kulia. Utelezi. Utelezi. Nikaligeuza jiwe moja na chini yake kulikuwa na kaa mdogo, akaniinulia mikono yote miwili kama anayetaka ngumi. Mbele yake mzizi mkubwa ulikuwa umekamata bunda la majani meusi, limeshonana, linavuja vidudu kila upande. Na juu yangu pakawa giza lile la mapazia.

"Panaishia hapa," nikasema. "Kwenye haya mawe matatu."

Bi Futi akashuka, akagusa mwenyewe, huku na huku. Akainua kioo, akakigeuza. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mama," akamwambia, "ulisema mpaka mwambani."

Mama mkubwa alikuwa akiangalia ndege.

"Mama mkubwa," nikamwita.

"Mpaka mwambani nilifika," akasema. "Sikusema nilifika nikiwa nafagia. Hapo kwenye kona mgongo ulikataa, nikapanda kuangalia kilichobaki, nikaona ni kingi, nikarudi."

"Na msimamizi ulimwambia nini?"

"Msimamizi hakuuliza habari za mgongo."

Karani alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alisema uvivu wa mara moja umeokoa kijito kizima, na mama mkubwa akamwambia achunge ulimi, yeye hajawahi kuwa mvivu, ule ulikuwa uchovu, na uchovu una heshima yake. Karani akaomba radhi. Akaambiwa asiombe radhi kwa mdomo, aombe kwa kurudisha vikombe jikoni vikiwa vimeoshwa.

Kutoka kwenye mawe yale matatu mpaka mwambani palibaki kipande cha kutosha. Hakikuwa kirefu kama tulivyotaka, ila kilitosha kuandikwa. Bi Futi alimwambia karani aiweke pembeni ile karatasi ya asubuhi na juu yake aandike kwamba kijito kimesafishwa na watu, asiandike nani. Kisha akatoa karatasi mpya.

Nikachukua fimbo, nikajitayarisha kwenye mstari wa kwanza. Maji yalikuwa baridi zaidi kule, kivuli kimeyatunza.

"Kabla hajaanza," Bi Futi akasema, "pale juu, mshika fimbo, palipokaa wazi vijito vyote. Jaza."

"Nijaze nini?" karani akauliza.

"Jina lake. Wewe umekuwa karani miaka yote hii, hujui kinachojazwa penye jina?"

Karani akanigeukia, kalamu hewani. Aliuliza linaandikwaje, herufi kwa herufi, maana karatasi hizi hazirudiwi. Nikamtajia, nimesimama majini, sauti yangu ikawa kubwa kuliko nilivyokusudia. Kutoka ukingoni mama mkubwa akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza la baba yangu, akaongeza la babu, akataka kuongeza na la kwao, mpaka karani akamwambia nafasi imekwisha.

"Basi pindua nyuma," akasema.

Nikaishusha fimbo mpaka ikagusa chini, nikaitazama alama, nikasubiri maji yatulie kuizunguka. Kisha nikataja.